Saa ya Kwa Pamba

Kwa Pamba ni mtaa mdogo pembeni mwa Walukuba, mjini Jinja. Ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilifungwa, wafanyakazi wakabaki. Baadaye wakahamia askari magereza, polisi na wanajeshi wastaafu, wengi kutoka kaskazini na upande wa Mbale, ndiyo maana Kiswahili, lugha ya askari, kinasikika hata kwenye bomba la maji. Kuna msikiti, makanisa kadhaa na lango la kiwanda lisiloelekea popote.

Hayo niliyaandika mimi. Mwenyekiti wetu, Bwana Bogere, alisikia kwamba nasoma masomo ya jioni, akaniagiza niandae wasifu wa mtaa na kuusoma mbele ya mgeni kutoka ofisi ya jiji. Niliomba kwanza, kisha nikaandika. Sehemu moja tu ilinisumbua: ile ya saa.

King'ora cha kiwanda kiliponyamaza, Mzee Wanyera, sajini mstaafu wa magereza, alitundika ringi ya lori kwenye nguzo karibu na bomba, akaanza kuigonga kwa nondo kila zamu ilipobadilika na kila mkutano ulipoanza. Zamu zenyewe hazikuwepo tena. Watu wakazoea. Lakini macho yake yamefifia, na mwaka huu alipobadilisha betri ya saa yake, aliirudisha nyuma saa nzima bila kujua. Hakuna aliyemwambia. Mtaa uliona ni rahisi zaidi kuchelewa pamoja naye. Msikiti tu ndio uliokataa, nao ulikataa kwa upole.

Binti yake, Khainza, anayeishi Mbale, alikuwa amemwonya mbele yetu: "Baba, siku nikisikia umekosea saa, nakuja kukuchukua."

"Mbale nina ndugu," mzee alijibu. "Hapa nina kazi."

Mgeni, Bi Racheal, alifika saa nne kamili, kama alivyoalikwa. Alinikuta mimi, mwenyekiti na viti vitupu.

"Watu wako wapi?"

"Wanakuja," alisema Bogere. "Saa bado."

"Saa ya nani?"

Bogere akapangusa kiti ambacho kilikuwa safi. Mara Khainza akashuka kwenye boda. Baba yake alikuwa amemwita aje asikie jina la mzee likisomwa kwenye wasifu. Tukakaa. Bi Racheal alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake ringi ilipolia. Milango yote ikafunguka kwa pamoja, watu wakatoka wamevaa nguo za Jumapili.

"Karibu, mama," Madinah, muuza chapati, alimwambia Bi Racheal. "Kumbe mtu wa ofisi naye anaweza kuwahi!"

"Nimewahi?"

Khainza akatazama simu yake, kisha akanigeukia. "Dada Jovia, wewe ni mtu wa sala. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Nilimwomba Mungu anipe jibu la kweli na tena fupi. "Saa tano," nikasema.

"Tangu lini anakosea?"

"Tangu Pasaka."

"Na mmenyamaza mtaa mzima?"

"Sajini anaambiwaje?" alisema Madinah. "Wewe ndiye mwanawe. Nenda kamwambie, sisi tutaangalia tukiwa mbali."

Khainza akaenda hadi kwenye nguzo. "Baba, umekosea saa. Fungasha, twende Mbale."

Mzee hakugeuka. "Nani amenipokea?"

"Baba, hapa si gereza."

"Askari haachi lindo kabla ya kupokewa."

Khainza alilelewa kwenye nyumba za askari magereza. Alijua kwamba hapo hakuna la kubishana. Akasimama tu, mkoba mkononi, macho yamejaa machozi.

Sikuwa nimepanga kitu. Nilisogea, nikabana miguu kama nilivyowaona askari wakifanya. "Afande, nimekuja kupokea zamu."

Alinikagua kuanzia kitambaa cha kichwa hadi ndala. "Jina?"

"Jovia."

"Nani?"

"Jovia, afande."

"Una saa?"

"Nina simu."

"Simu si saa. Lakini haya." Akanikabidhi nondo. "Ringi moja, nondo moja, mtaa shwari."

"Nimepokea, afande."

Akapiga saluti. Kisha akatembea polepole, akakalia kiti cha mgeni, akamwambia binti yake, "Sasa nimestaafu. Na mstaafu hukaa nyumbani kwake."

"Alfajiri hutatoka tena gizani peke yako?"

"Nitoke kufanya nini? Zamu si yangu."

Khainza alimtazama Bi Racheal, ambaye hakumsaidia. Mwishowe akaketi. "Basi nisomewe huo wasifu."

Nikausoma, nondo kwapani. Nilipofika kwa Mzee Wanyera, aliniamuru niongeze sauti. Jioni Khainza alirudi Mbale peke yake.

Kesho yake niliomba, nikatazama simu, nikagonga ringi saa kumi na mbili kamili. Bogere akatoka amejifunga taulo, na nyuma yake nusu ya mtaa.

"Jovia! Unatuamsha saa hizi kwa nini? Nani amekuambia ni asubuhi?"

Sauti ya Mzee Wanyera ilitoka kitandani kwake, kupitia dirishani:

"Aliye zamu haulizwi!"