Vidonge vya Nyanzala

Mzee Apolinari alikuwa na dharau ya kuwagawia watu wote wa kambi ya wazee na nyingine ikabaki. Aliwadharau wazee wenzake kwa kumeza kila walichopewa bila kuuliza ni kitu gani. Alimdharau Mama Pelagia, msimamizi wa kambi, kwa kuamini kwamba bweni likiwa kimya basi waliomo ni wazima. Lakini dharau iliyoiva, ile ya kutafunwa polepole kama muwa, alimwekea Stanslaus.

Stanslaus alikuwa mganga msaidizi. Kila mwisho wa mwezi alifika kwa pikipiki, akaketi barazani kwa Mama Pelagia, akaletewa chai na kadi za wazee thelathini na mmoja. Chai ilikuwa haijapoa, kadi zimekwisha. Kwenye kila kadi aliandika neno moja, "Aendelee", akatia sahihi yenye mikia mirefu, akavaa kofia yake akaondoka. Mabwenini hakuingia. Apolinari aliwahi kumwambia jirani yake wa kitanda kwamba yule kijana anatibu makaratasi, na makaratasi yake yanaendelea vizuri sana.

Alijua alichokuwa akisema. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa dresa katika hospitali ya mgodi kule Mpanda. Alifunga vidonda, alichoma sindano, alimshikia taa daktari alipokuwa akikata miguu iliyopondwa na mawe. Mgodi ulipofungwa alirudi kwao kulima. Halafu mke akafariki, magoti yakamsaliti, na mwaka wa sabini na nne kijiji chao kikahamishwa kwa malori. Hakuwa na mtu wa kumjengea nyumba huko walikohamishiwa. Ndipo alipoletwa kambi ya wazee ya Isindi, mwendo wa nusu siku kutoka Usevya. Kulikuwa na mabweni mawili ya matofali mabichi, jiko, na jaruba la mpunga ambalo hakuna mzee hata mmoja aliyeweza kulilima.

Mwaka mmoja baadaye akaletwa Nyanzala. Alikuwa mama wa Kisukuma, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mbuga. Mwanawe alikuwa amehamia na mifugo upande wa Majimoto, akaugua, akafa, na wakwe wa marehemu hawakumtaka bibi. Wiki za kwanza alilia na kuita usiku na mchana. Aliwaita ng'ombe kwa majina yao, mmoja mmoja, na wazee wengine wakalalamika kwamba hawalali. Stanslaus akaandika vidonge vyeupe vya usingizi, viwili asubuhi, viwili jioni. Kambi ikatulia. Mwezi uliofuata akaandika "Aendelee". Na uliofuata. Ikapita miezi kumi na mitatu.

Sasa Nyanzala alikaa ukutani tangu asubuhi, kidevu kifuani, uji ukimkauka mdomoni. Mwezi Julai alianguka akienda chooni akapasuka paji la uso. Apolinari ndiye aliyemfunga kile kidonda, na alipomaliza akajikongoja mpaka barazani.

"Mama Pelagia, yule bibi hajaugua kichaa wala kifafa. Vidonge vile ni vya nini?"

"Vya kumtuliza."

"Ametulia mno. Jeneza nalo hutuliza."

Mama Pelagia aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo. "Mzee, dawa ameandika bwana mganga. Wewe umesoma wapi hata umrekebishe?"

Apolinari alisonya, akarudi bwenini. Hakumwambia kwamba alikuwa na jambo lake mfukoni. Mwezi Juni Mama Pelagia alimwomba azipange kadi, maana yeye ndiye aliyejua kusoma vizuri. Ndani ya rundo akakuta kadi ya Mabula, mzee aliyezikwa tarehe kumi na tisa Mei. Angeweza kuitoa. Hakuitoa, aliiweka katikati, palepale Mabula alipokuwa siku zote, asubiri aone. Jioni Stanslaus alipoondoka aliichungulia. "Hali nzuri. Aendelee." Apolinari alicheka hadi akakohoa. Akaikunja kadi, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na tangu siku hiyo kila Stanslaus alipopita alikuwa akiigusa kwa nje, kama mtu anavyogusa tumbaku yake kuona kama ipo.

Baada ya lile anguko aliamua kwamba kijana yule hafai hata kuambiwa. Angetibu mwenyewe. Asubuhi moja aliketi karibu na Nyanzala, akasubiri mpishi aliyegawa vidonge apite, akamwambia, "Usimeze. Weka chini ya ulimi, halafu uteme."

Nyanzala alimtazama kwa macho mazito. Hakuelewa kwanza, au hakujali. Apolinari akamkingia kiganja, naye akatema. Vivyo hivyo jioni, na kesho yake. Siku ya tatu bibi aliinua kichwa, akauliza jua limefika wapi. Apolinari alijisikia kama aliyemfufua mtu. Usiku ule mikono ya Nyanzala ikaanza kutetemeka, na Apolinari akajiambia ni baridi ya Agosti.

Siku ya tano, kabla ya vidonge vya asubuhi, wazee wakiwa wanakula, Nyanzala alikakamaa. Bakuli liliruka. Alianguka chali, macho yakageuka, mwili wote ukapigwa na degedege kama la mtoto mwenye homa, povu likamtoka. Ulipoisha mshtuko ule ukaja mwingine. Apolinari alimlaza ubavu, akamwekea nguo chini ya kichwa kama alivyofundishwa zamani. Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo dresa yeyote wa mgodi alilijua: dawa ile mwili ukiizoea, haikatwi mara moja.

Kwa bahati lori la mpunga lilikuwa likipakia jirani. Mama Pelagia alimbembeleza dereva, wakamlaza Nyanzala juu ya magunia. Apolinari naye akapanda, bila kuombwa, akisukumwa makalio na watu wawili. Njia nzima hadi Mpanda, mbung'o wakiwauma shingoni, Mama Pelagia alimpa mgongo. Alikuwa ameviona vile vidonge kwenye godoro la mzee, kumi na sita, vimefungwa kwenye kitambaa.

Hospitalini waliwapokea vizuri. Daktari Manyanda alikuwa mfupi, wa umri wa makamo. Alimchoma Nyanzala sindano, mshtuko ukakoma, ndipo akawageukia.

"Nani alimkatisha dawa?"

Mama Pelagia alinyamaza. Apolinari akamwona amenyamaza, na kwa mara ya kwanza hakuweza kumdharau.

"Mimi," alisema. Halafu, kwa haraka, kama mtu anayelipa kosa lake kwa kosa la mwenzake, akatoa kadi ya Mabula. "Lakini tazama na hii. Huyu alikwisha kufa mwezi mzima. Mganga wetu kaandika hali nzuri."

Daktari aliisoma pande zote mbili. Hakucheka.

"Hii ni ya Juni. Leo ni Agosti. Ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Ungeileta Juni, yule mama asingepasuka uso wala asingepata degedege. Yeye aliandika dawa bila kumtazama mgonjwa. Wewe ukaifuta bila kumtazama mgonjwa. Tofauti yenu ni kwamba yeye alikuwa na kalamu."

 

Daktari alifika Isindi wiki mbili baadaye, Nyanzala akiwa amekaa kiti cha mbele cha gari lake. Alikuwa amempa tena vidonge vilevile na kuanza kuvipunguza, nusu kidonge kila wiki. Akaamuru meza itolewe barazani iwekwe mlangoni mwa bweni. Stanslaus aliitwa, akasimama pembeni ameshika kofia.

"Nina zahanati nne, daktari," alisema kwa sauti ya chini. "Na pikipiki moja. Mafuta nikiyapata."

"Najua. Basi njoo kila baada ya miezi miwili, lakini ukija, kila kadi isomwe mwenyewe akiwa ameketi hapa. Mwulize anaumwa nini. Mwulize anakunywa dawa gani. Ukishindwa kusema dawa ni ya nini, ifute, na kama ni ya kupunguzwa, ipunguze."

Kazi ile iliwachukua siku nzima. Ilionekana wazee wanne walikuwa wakimeza dawa ya shinikizo ambalo hakuna aliyewahi kulipima, mmoja alikuwa akipewa dawa ya kikohozi kilichopona kabla hajaletwa kambini, na mwingine alikuwa akipewa vidonge vya mtu wa kitanda cha pili. Apolinari alikaa mbali akitazama jasho likimtiririka Stanslaus. Alitaka kufurahi. Ilimjia furaha kidogo, hakukataa hilo, lakini haikuwa na ile ladha aliyoizoea.

Kufikia mwisho wa Oktoba Nyanzala hakuwa na kidonge hata kimoja. Akaanza kusema. Alisema kwamba uji wa kambi ni wa kulishia ndama. Alisema kwamba jaruba la mpunga limeachiwa magugu na watu wenye mikono mizima, akamtazama Mama Pelagia. Usiku bado aliwaita ng'ombe wake, ila sasa kwa sauti ya kawaida, na Mama Pelagia akamhamishia kitanda chumba cha mwisho, jambo ambalo lingeweza kufanyika tangu siku ya kwanza. Siku moja alimsimamia Apolinari kichwani.

"Ni wewe uliyekuwa ukinikingia mkono niteme?"

"Ni mimi."

"Hukuniambia kwa nini. Hata mbuzi anayedungwa sindano hushikwa kwanza kwa upole."

Akaenda zake. Bibi alikuwa na haki, na hilo lilimuudhi Apolinari zaidi kuliko matusi.

Desemba, siku ya kadi, mvua ilikuwa imenyesha na pikipiki ilikuja imepakwa tope hadi taa. Stanslaus aliita majina moja moja, kwa uchovu, lakini aliita. Jina la Apolinari lilipofika, mzee alijikongoja, akaketi, akaweka mikono juu ya fimbo.

"Unaumwa nini, mzee?"

Apolinari alimtazama kijana yule kwa dharau, lakini swali lilikuwa limekwisha kuulizwa, na alipotafuta katika kumbukumbu hakuona mtu aliyewahi kumwuliza tangu aletwe Isindi.

"Magoti," alisema.

Stanslaus aliinama, akabonyeza.

"Si hapo," Apolinari akasema, akamshika mkono akausogeza. "Hapa, upande wa ndani. Na andika vizuri, si kama unafukuza kuku."

Stanslaus akaandika.