Nafasi ya Hamsini

Jumamosi hiyo Njuki alikuwa uani kwake, nje kidogo ya soko la Ishiara, akipepeta ndengu juu ya turubai. Redio ilikuwa juu ya kigoda. Kutoka mjini Embu, mtangazaji mmoja aitwaye Linda alikuwa akisoma orodha ya albamu hamsini bora kuliko zote zilizowahi kurekodiwa kuuzunguka Mlima. Alianzia ya mwisho akipanda juu. Kila alipotaja albamu alicheza kipande, na kila kipande kilipochezwa jirani wa Njuki alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ua kwamba hapo wamekosea. Njuki hakubishana na mtu. Ndengu zilikuwa na mchanga mwingi mwaka huo.

Ilipotajwa ya kwanza alizima redio, akapangusa mikono, akatia kaseti ya mke wake kama alivyofanya kila Jumamosi. Kaseti ilizunguka vizuri, lakini haikutoa sauti. Alibadilisha betri. Alitoa kaseti, akaipuliza, akairudisha. Kisha akajaribu kaseti ya mahubiri, nayo ikahubiri bila taabu. Alirudi kwenye ndengu zake akidhani kichwa cha mashine kimechafuka.

Kufikia jioni ilishajulikana kwamba albamu zote zilizokosa nafasi zimenyamaza. Zilinyamaza kwenye kaseti, kwenye simu, na hata kwa kijana wa sokoni aliyekuwa amezihifadhi katika kompyuta yake. Watu walilipokea jambo hilo kama wanavyoupokea mgao wa maji. Waliulizana kama na kwa jirani zimezima, wakaambiwa ndiyo, wakatulia. Kilichowanyima usingizi ni nani amewekwa juu ya nani. Wameru walisema orodha imejaa Waembu kwa sababu kituo kiko Embu. Waembu walisema nafasi ya kwanza imepewa Mmeru kwa sababu ya woga. Kule Embu, katika mtaa wa Dallas, walimu wawili wastaafu, marafiki tangu chuoni, waliacha kusalimiana kwa ajili ya nafasi ya tatu na ya nne.

Peninah, mke wa Njuki, alikuwa amerekodi albamu moja tu na kwaya ya kanisa. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo zote, na wenzake wakaitikia. Alipofariki, mazishi yalijaa hadi watu wakakalia ukuta. Tangu hapo kaseti hiyo ilikuwa na kazi maalumu katika boma lake. Siku binti wa nyumba hiyo anapoolewa, watu wa bwana harusi huja asubuhi na kuzuiliwa nje ya lango, kama ilivyo desturi, na wanawake wa ndani huwaimbia mpaka wakubaliwe kuingia. Kwa Njuki wimbo ulikuwa mmoja. Peninah alianzisha kutoka kwenye kaseti, wanawake wakaitikia kwa midomo yao, na lango lilifunguliwa neno lake la mwisho likiisha. Wajukuu wake wote walioolewa walitoka kwa wimbo huo. Alikuwa amebaki Igoki, aliyepewa jina la kwao la nyanya yake, cucu kama wajukuu walivyomwita. Kwa sababu hiyo Njuki alimwita mke wangu tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na harusi yake ilikuwa mwisho wa mwezi.

Tuseme ukweli, Ishiara ilijiponza yenyewe. Miezi kadhaa kabla ya orodha, kituo kilikuwa kimetuma vijana sokoni kuuliza watu albamu wanayoipenda kuliko zote. Watu wa hapo wana adabu ya kizamani. Mwanamume hamsifu mke wake mbele za watu, na mwanakwaya hataji kwaya yake mwenyewe. Njuki alipoulizwa alijibu, kwa heshima, kwamba kwaya ya Kianjokoma inaimba vizuri sana. Waume wengine wa wanakwaya walijibu hivyo hivyo, na wanakwaya wenyewe pia. Vijana wakapanda Kianjokoma, kwenye baridi na majani chai, wakauliza swali lile lile. Huko wanaamini kwamba mcheza kwao hutunzwa, na wakajitaja wenyewe bila kupepesa jicho. Hivyo Kianjokoma ilipigiwa kura na Kianjokoma na Ishiara, na Peninah hakupigiwa na mtu.

Kituo kilitenga siku ya malalamiko. Njuki alifunga kaseti katika leso, akapanda gari la asubuhi kwenda Embu, akakuta foleni imeshuka ngazi hadi barabarani. Mbele yake alisimama Rage, msafirishaji wa miraa kutoka Maua, aliyekuja kudai kwamba kaswida za mjomba wake zihamishwe kutoka nafasi ya tisa hadi ya nane. Alikuwa mtu mkarimu. Alimnunulia Njuki mandazi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshauri.

"Mzee, usiitishe kubwa," alisema. "Wewe omba tu hiyo ya hamsini. Hawa watu ukiwaonyesha uko na haraka ya kupanda, wanakufungia."

Njuki alishukuru. Alikuwa hajafikiria kuomba hata hiyo. Alikuwa amefikiria tu kuwaambia kwamba kuna harusi.

Ofisini walikuwa wawili, Linda na mwenyekiti wa kamati, Kathuri, mwanamuziki wa zamani mwenye mvi safi na sweta nzuri. Walimpa kiti. Njuki alieleza habari ya kaseti, ya lango na ya Igoki. Akaiweka kaseti mezani, akaomba radhi kwamba hawataweza kuisikiliza kwa kuwa imenyamaza.

"Kusikiliza si shida, mzee wangu," Kathuri alisema. "Hata hizi zingine hatukuzisikiliza zote. Zingine tuligawa kwa wadi. Halafu kuna watu, wewe mwenyewe unajua, huwezi kuwaacha nje."

Njuki aliuliza sasa shida ni ipi. Kathuri akasema shida ni hamsini. Njuki akauliza kama haiwezi kuwa hamsini na moja. Kathuri alicheka, si kwa dharau, akamweleza kwamba ikiwa hamsini na moja leo, kesho Meru wataitisha sitini na Tharaka watakuja na lori zima, na mwisho hakutakuwa na bora, kutakuwa na muziki tu.

Linda alikuwa akiitazama leso muda wote huo. "Guka," alisema, akimwita babu kwa lugha ya nyumbani, "ya mwisho ni ile kwaya ya Kianjokoma. Tukiitoa, yako inaimba leo leo, lakini yao inanyamaza. Tuitoe?"

Njuki aliifahamu kwaya hiyo. Aliyeianzishia nyimbo, mama mmoja wa huko, naye alishazikwa. Mume wake aliteremka Ishiara siku ya mazishi ya Peninah na gunia la nduma begani, akakaa na Njuki hadi jua likazama, wakiongea habari za mvua kwa sababu hakukuwa na jambo jingine la kuongea. Bila shaka mzee huyo naye ana kaseti. Bila shaka ana siku yake ya kuicheza.

Njuki alitamani kusema itoeni. Neno lilimfika kwenye meno. Aliona uchungu hata macho yakamchoma, na alichukia kwamba swali hilo ameulizwa yeye, mtu wa ndengu, badala ya walioandika orodha.

"Hapana," akasema. "Iacheni."

Kathuri alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema tatizo la kazi hii ndilo hilo, kila mtu anataka kuingia na hakuna anayetaka kumtoa mwenzake. Wakampa soda ya kunywa njiani. Rage, ambaye aliingia kabla yake, alikuwa amepata ya nane. Alimpigia Njuki honi kwa furaha alipompita barabarani.

Nyumbani wanawake walikuwa na mpango wao. Regina, aliyeimba bega kwa bega na Peninah kwa miaka mingi, alijitolea kuanzisha wimbo yeye mwenyewe. Walijaribu jikoni. Kila alipofungua kinywa kuanzisha, kinywa kilikwenda chenyewe kwenye sauti ya pili, kama punda anayejua njia ya mtoni. Walijaribu wengine, ikawa vile vile. Regina akasema basi, kaseti itachezwa ilivyo, nao wataitikia.

Asubuhi ya harusi msafara kutoka Runyenjes ulifika ukiwa na maua kwenye magari. Wageni wakashuka, wakasimama nje ya lango wakiimba na kucheka, na wanawake wa ndani wakawanyamazisha kama inavyotakiwa. Igoki alisimama ndani na gauni lake, mkono juu ya bega la babu yake. Njuki alibonyeza kaseti, kisha akashika komeo la lango.

Kaseti ikazunguka. Wanawake wakangoja, halafu Regina akaitikia. Wawili waliitikia baada yake, na mwingine akachelewa zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika Peninah amefika wapi. Kati ya kuitikia na kuitikia palikuwa na kimya kirefu, na watu wa Runyenjes, ambao ni watu wastaarabu, walidhani ndivyo wimbo wa Ishiara ulivyo. Baadhi yao walianza kuyumba taratibu kwenye kile kimya. Redio ya gari lao la mbele ilikuwa imesahaulika ikiwa wazi, na mtangazaji alikuwa akitangaza kwamba baada ya kupokea maoni ya wananchi, nafasi ya tatu na ya nne zimebadilishana. Mtu alishangilia, akaambiwa anyamaze.

Njuki alikuwa akimfuata mke wake kichwani. Alikuwa na hakika kwamba angalau humo amebaki. Alimfuata ubeti wa kwanza, akamfuata wa pili, na katikati ya wa tatu akagundua kwamba maneno anayoyasikia yanasemwa na sauti yake mwenyewe, ya kikohozi na tumbaku. Alirudi nyuma kumtafuta kwenye ubeti wa kwanza. Nako ilikuwa sauti yake. Akatafuta jinsi alivyomwita kula, jinsi alivyomgombeza kwa kuingia na matope. Maneno yote yalikuwepo.

Jua lilikuwa limepanda. Wanawake walikuwa wamemaliza kuitikia, au walidhani wamemaliza, na wote walimtazama yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyemjua Peninah. Nje ya lango mtoto alianza kulia kwa njaa. Regina alijifuta uso kwa kanga.

"Guka," Igoki alimnong'oneza, "cucu amemaliza?"

Njuki aliukaza mkono kwenye komeo. Alisikiliza tena, kwa nguvu zake zote, na kaseti ikazunguka.

"Amemaliza, mke wangu," akasema, na bila kujua kama ni kweli, akafungua.