Jembe Lililolazwa Mlangoni

"La Mwanaidi kwanza! Lile lenye kifundo cha ukili!"

Chausiku alipiga kelele kwa nguvu zake zote, lakini upepo ulimnyang'anya maneno mdomoni kabla hayajafika popote. Juu yake, darini, mwanawe Semboja alikuwa amelala kifudifudi juu ya fito, mkono mmoja umekumbatia boriti, mwingine ukikata kamba kwa kisu. Kila alipokata, fungu la mahindi lilianguka, na mama yake akalidaka kwa kaniki yake na kulitia ndani ya tenga. Paa la upande wa mlango lilikuwa limekwisha kwenda zake. Mvua iliingia ndani bila hodi, ikazima moto ambao Chausiku hakuwahi kuuacha ufe tangu alipoolewa katika nyumba ile.

Hayo mahindi hayakuwa ya kula. Yalikuwa mbegu, tena mbegu za kitongoji kizima cha Kwemkole. Njaa ya miaka ya nzige ilikuwa imewafundisha watu wa bonde la Luengera kwamba mbegu ikikaa kila mtu kwake, siku tumbo litakapolia kila mtu ataitia chunguni peke yake bila kuonekana. Basi wakakubaliana zitundikwe mahali pamoja, na mahali penyewe pakawa jikoni kwa Chausiku. Moshi wake ulikuwa mkali, bungua hawakuthubutu kuukaribia. Kila nyumba ilifunga mahindi yake kwa namna yake: huyu kwa ukili, huyu kwa kamba ya mgomba, yule kwa utepe wa nguo nyekundu. Chausiku aliyajua mafungu yote kwa kupapasa, hata gizani. Wenzake walimtania kwamba anawajua watu kwa mafundo yao kuliko kwa sura zao, naye alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli kidogo.

"Shuka sasa, Semboja! Shuka, baba!"

"Bado moja, mama. Letu."

"Acha hilo! Shuka!"

Semboja alikuwa kijana wa kusikia. Alikuwa amefanya kazi ya kutandika reli ya Wadachi mpaka Mombo, akarudi na mgongo mpana na tabia ileile aliyoondoka nayo. Pengine hakusikia. Pengine alisikia, akaona kwamba mtu hawezi kuokoa mbegu za watu wote akaacha za mama yake. Alinyoosha mkono. Nyuma ya nyumba mkuyu mkubwa ulitoa mlio mmoja mrefu, ukalala juu ya ukuta, na ukuta ukalala juu ya yote yaliyokuwa chini yake.

Chausiku alijikuta uani, kwenye matope, amelikumbatia tenga. Hakujua miguu yake ilimtoaje.

Tufani ilikoma alasiri ileile kama mgeni aliyekwisha kula. Ilikuwa imeacha nyumba mbili tu zenye paa. Mbuzi walielea mtoni, kuku walikuwa wamebandikwa kwenye vichaka, na mashamba ya bondeni, yale mazuri yenye udongo mweusi, yalikuwa yamegeuka ziwa. Watu wa Magoma waliopita wakitafuta ng'ombe wao walisema reli imekatika chini ya Korogwe, na treni imekwama Mombo haiendi mbele wala nyuma. Mto Luengera ulikuwa hauvukiki. Maana yake ilikuwa moja: chakula kisingeletwa, wala mbegu nyingine. Kwemkole ilikuwa na lile tenga, basi.

Wakamtoa Semboja chini ya ukuta, wakamzika. Fungu la mahindi lilikutwa chini ya kifua chake, limesagika. Mwalimu Mbaruku alisoma huku sauti yake ikimezwa na ngurumo za mto. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, waliliosha jembe lililochimba kaburi, wakalilaza chini mlangoni kwa jirani Mwanaidi, ambako Chausiku alikuwa amewekwa, kwa kuwa yeye hakuwa tena na mlango.

Desturi hiyo ilikuwa ya zamani. Mtu akifa Kwemkole, majembe yote hulala. Jembe la kaburini hulazwa mlangoni kwa wafiwa, na mpaka tanga liondolewe siku ya saba, na mfiwa mkuu alinyanyue kwa mkono wake, hakuna mtu yeyote kitongojini anayeruhusiwa kuufungua udongo, hata kwa kupanda mche wa boga. Atakayefanya hivyo amemtukana marehemu, na marehemu akitukanwa huizuia mvua. Mwalimu Mbaruku husema dini hailijui jembe hilo. Lakini na yeye, akifika pale mlangoni, alilizunguka kama wenzake.

Basi watu wakakaa matanga, na walikaa kwa adabu. Nawasifu, maana sijui kama ningeweza. Watu waliolala chini ya ngozi na majani ya migomba waliamka asubuhi wakaenda kwanza kwa Chausiku kumpa pole, kabla ya kutafuta sufuria zao. Waliobaki na unga wakauleta. Mwanaidi, mwenye watoto wengi na paa zima, alilala mwenyewe kibarazani ili wazee wapate nafasi ndani. Na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyetamka neno "mbegu".

Chausiku hakulia. Alikaa mkekani, ameegemea ukuta, macho makavu, na wanawake wakanong'onezana kwamba kilio kimemkwama. Mvua nyembamba ya uvuguvugu iliendelea. Jua halikuonekana. Siku ya tatu, katikati ya maneno ya pole, pua yake ilinasa kitu.

Ilikuwa harufu ya utamu wenye ukakasi, harufu ambayo mwanamke yeyote aliyewahi kupika togwa anaijua. Kimea. Chausiku alinyanyua kichwa.

"Mwanaidi. Mbegu ziko wapi?"

"Zipo, dada. Ziko kibarazani, tumezifunika."

"Zinakauka?"

"Zinakauka, dada. Wewe pumzika."

"Zinakaushwa na nini?"

Mwanaidi akatazama chini. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mwenye ulimi ambao mumewe mwenyewe aliuogopa, lakini sasa ulimi huo ulilala mdomoni. Chausiku aliinuka. Wanawake wakamshika, akawaondoa mikono mmoja mmoja bila hasira. Akatoka kibarazani, akafunua ngozi, akaingiza mkono ndani ya tenga mpaka kiwikoni.

Kulikuwa na joto kama chini ya kuku atamiaye. Alitoa hindi moja. Punje zilikuwa zimevimba, nyingine zimepasuka, na kwenye mpasuko kila punje ilitoa ncha nyeupe.

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni," Mwanaidi alisema, na sasa machozi yalimtoka. "Nikuambie vipi, Mama Semboja? Nije mbele yako na mwanao hajakauka kaburini, niseme mahindi yangu yanaota? Watu wangesema kufa kufaana."

"Wewe ulizitazama usiku?"

"Nilizitazama. Sote tunakuja kuzitazama. Tunafunika, tunarudi kukaa."

Chausiku aliwatazama wale watu uani, wakubwa kwa watoto, kila mmoja akijidai anatazama kwingine. Ndipo alipoelewa. Walikuwa wameamua, bila kikao, kwamba watafa njaa mwaka ule kuliko kumwaibisha yeye. Jambo hilo lilimwingia kuliko pole zote alizopewa, na kwa mara ya kwanza tangu ukuta uanguke miguu yake ilihisi ardhi.

"Mwiteni kaka yangu," alisema.

Mhina alikuja akifuta matope mikononi. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo na msimamizi wa matanga, mtu mrefu, mpole, mwenye kushika ya wazee kwa mikono miwili. Chausiku alimpa lile hindi. Mhina alilizungusha, akalirudisha.

"Nimeliona," alisema. "Tutapika kande. Watoto watashiba siku chache."

"Na baadaye?"

"Baadaye ni ya Mungu."

"Kaka, mbegu hii ikiingia ardhini leo, itaota. Kesho itakuwa imeoza. Nataka kunyanyua jembe."

Mhina alisogea karibu, akashusha sauti, si kwa ukali.

"Dada yangu, tanga bado bichi. Watasema Chausiku hakumlilia mwanawe."

"Waseme. Kulia nitalia. Nani alisema machozi lazima yatoke mkekani?"

"Na mvua je? Ukilinyanyua leo, kisha mvua ikakatika, unajua watamtazama nani? Si leo tu. Watoto wa watoto wao watakunyooshea kidole."

"Watanitazama mimi," alisema Chausiku. "Ndiyo sababu nalinyanyua mimi, si wewe."

"Marehemu ni wetu sote. Siwezi kukubali atukanwe."

"Kaka, wewe ulimtoa kwa mikono yako. Ulikuta nini chini ya kifua chake?"

Mhina alilitazama lile hindi mkononi mwa dada yake.

"Semboja hakupanda darini ili tule kande," Chausiku alisema. "Tukizipika, huko ndiko kumtukana."

Mhina alilitazama jembe, akatazama kule bondeni ambako maji yalikuwa yametanda juu ya mashamba ya watu. Mashamba yaliyobaki juu ya maji yalikuwa mawili tu, yote kwenye mteremko: la Chausiku na lake yeye. Akavua kofia yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Shamba lako halitatosha mbegu zote hizi," alisema hatimaye. "Chukueni na langu."

Chausiku akainama mlangoni. Jembe lilikuwa zito kuliko alivyodhani, mpini umelowa. Kwenye tundu la mpini ulikuwa umebaki udongo mwekundu ambao maji hayakuufikia, udongo wa makaburini, na aliuona. Aliliweka begani hivyohivyo, akashika njia ya mlimani.

Hawakumfuata mara moja. Alikuwa amekwisha kupita kisiki cha kwanza aliposikia nyuma yake mlio wa tenga likiinuliwa, kisha sauti ya Mwanaidi, ulimi umemrudia: "Mnangoja nini? Mnataka mfiwa awalimie na kuwapandia pia?"

Wakaja wote. Wazee walikaa ukingoni mwa shamba wakipukuchua mahindi kwa vidole gumba, taratibu, ili wasivunje ncha zile nyeupe. Chausiku alipapasa mafundo, akagawa vipande vya shamba lake kwa hatua zake mwenyewe: hapa ukili, hapa mgomba, hapa utepe mwekundu, kila nyumba ijue mahali pake. Hakujikatia kipande. Mhina aliona, akaenda kuchomeka kigingi pembeni na kutenga mistari ya dada yake katika shamba lake yeye.

"Msizirushe," Chausiku aliwaambia. "Mbegu iliyoota huwekwa. Mzizi utazame chini. Pigeni magoti."

Kwa kawaida siku ya kupanda Kwemkole ni siku ya nyimbo. Wachimbaji hutangulia, wapandaji hufuata, na huwa kuna ushindani, vijana wakikimbilia mwisho wa mstari ili wawacheke waliobaki nyuma. Siku hiyo hakuna aliyeanza wimbo. Ilisikika sauti ya majembe tu katika udongo uliokunywa maji, na mto kwa mbali. Chausiku alikuwa mstari wa kati. Aliinua, akashusha, akavuta udongo. Mwanaidi alimfuata kwa magoti, kapu la punje kifuani, akiziweka moja moja na kufukia kwa kiganja.

Walifika katikati ya shamba ndipo kile kilichomkwama kilipomtoka. Hakikuanza kama kilio. Kilianza kama mtu anayetafuta pumzi, kisha kikafunguka, kikubwa, kikasikika mpaka bondeni, na ndani yake jina la mwanawe mara kwa mara. Mwanaidi akanyanyuka nusu ili amshike. Lakini aliona kwamba jembe halikusimama. Chausiku alikuwa analia na kuchimba, kila shimo mahali pake, umbali wake, kina chake, machozi na kamasi vikimshukia kidevuni bila yeye kuvifuta. Mwanaidi akarudi chini.

Kushoto na kulia kwa Chausiku wachimbaji wengine, pamoja na wale vijana wenye nguvu, walikuwa wamepunguza mwendo. Hakuna aliyewaambia. Mhina, mwisho kabisa wa safu, alikuwa na jembe juu, akingoja la dada yake lishuke ndipo alishushe lake. Safu nzima ilipanda mteremko hivyo, sawasawa, bila mtu mmoja kumtangulia.

Shimo likafunguka. Mwanaidi akaweka punje, mzizi chini, akalifukia kwa kiganja, akasogeza magoti mbele.