Shikamoo za Mkono wa Chuma

Jana usiku, Shangazi Mize akiwa amelala chumba cha pili, niliota mkono wa chuma umeingiwa na adabu.

Mkono huo ni roboti ya hospitali yetu. Huzunguka kichwa cha mgonjwa ukichoma uvimbe kwa mionzi kutoka pande nyingi, na pande hizo nazipanga mimi, kwa majivuno yangu yote. Mgonjwa safari hii ni Shangazi. Wiki iliyopita alishindwa kulala tuli mpaka mwisho, na jana akaapa kwamba harudi. Uvimbe haujali viapo, unakua.

Basi Shangazi yuko kitandani. Mkono unafika kituo cha kwanza cha kuchomea, unavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kwa kuitikia, kidevu chake kinasogea, mashine inajizima. Tunaanza upya. Mkono unahamia kituo cha pili, hapo hapo pembeni, unasalimia tena.

"Umeshamsalimia!" nafoka.

"Kila kituo ni mlango wa mtu," unanijibu. "Nipite kimya kama mwizi?"

"Na mimi nisimwitikie mtoto wa watu?" anauliza Shangazi. "Nimelelewa, mie."

Kweli, chumba kimekuwa mtaa. Milango imejaa hewani, yote nimeichora mimi. Barazani kakaa mwale mmoja mwembamba wa mionzi, anakunywa kahawa.

"Wewe unachoma nini?" namuuliza.

"Sichomi kitu. Nimekuja kuwasindikiza wenzangu."

"Nani kakualika?"

"Wewe. Ulisema mpango ukijaa watu unapendeza."

Nikaona haya, lakini ubishi haukunitoka. "Shangazi, vumilia kidogo tu."

"Kidogo?" Anavua kinyago cha wavu kinachoushikilia uso, anashuka kitandani. "Lala wewe."

Nalala. Kinyago kinanibana. Pua inawasha, na mkono wangu hauruhusiwi kuifikia. Roboti inabisha hodi hapa, inakwenda ng'ambo ya mtaa kwa salamu moja, inarudi jirani na ilikotoka. Ile dakika niliyokuwa naiita kidogo kwenye kompyuta haiishi. Naogopa, naogopa kweli, wala simwoni mtu wa kumwambia.

"Wasindikizaji wote makwao!" napiga kelele ndani ya wavu. "Mliobaki hamieni pamoja, wanne watano mlango mmoja! Roboti ifuate mtaa, isirudi nyuma! Na salamu iwe moja!"

Mwale mwembamba anaondoka na kikombe chake, kanuna. Mkono unakohoa.

"Shikamooni nyote," unasema.

Ukapita mtaa mzima mara moja, ukamaliza. Nikaamka.

Kumekucha. Shangazi kasimama mlangoni na kanga yake, ananikodolea macho.

"Mbaruku, nini hicho usoni?"

Nikajigusa. Kuanzia paji mpaka kidevuni ngozi imechorwa vijishimo vidogovidogo, safu kwa safu. Mto wangu ni wa kitambaa laini.

Akaja, akanishika shavu kwa vidole viwili. Alama hizo anazijua, alirudi nazo nyumbani wiki iliyopita.

"Na wewe wamekulaza?"

"Wamenilaza, Shangazi. Nisamehe. Si kidogo hata kidogo. Nakwenda kuupunguza mpango wako sasa hivi."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, katangulie," akasema. "Mie natafuta viatu vyangu."