Kibao cha Tiira

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, 1965, kabla ya saa nne asubuhi, pale Akol, mke wa Ecweru, alipotumbukia ndani ya shimo la zamani la dhahabu huko Tiira akitafuta kuni. Shimo lilikuwa limemezwa na nyasi. Kando yake palisimama kibao cha misheni: juu VALK, chini UIL.

Baada ya mazishi mkuu wa gombolola, mtawala wa tarafa ile, aliita watu. Karatasi yake ya taarifa ya kifo tayari ilisema: “Marehemu alipuuza onyo.” Ecweru hakutaka kingine, ila maneno hayo yafutwe.

“Onyo gani? Oluka, si wewe ulitusomea kile kibao?”

Oluka, katekista aliyeokota Kiholanzi chake jikoni kwa mabruda, alijikuna shingo. “Mzee, nilisoma kilivyo. Valk ni mwewe. Uil ni bundi. Nikawaambia, bruda anapenda ndege, hapo ndipo anapowatazamia.”

“Akol akacheka,” Ecweru akasema. “Akasema Wazungu wamekosa kazi.”

Bruda Mholanzi, mwandishi wa kibao, akasimama, uso umemwiva. “Hapana! Ni val, kuanguka, na kuil, shimo. Valkuil! Ubao ulikuwa mfupi, fundi akashusha herufi tatu.”

“Basi tungejuaje, hata kwa kusikia?” Oluka akauliza.

“Kwetu maneno yakiunganishwa, nguvu ya sauti hukaa kipande cha mbele.”

“Cha mbele ni valk ama val?”

Bruda akavitamka vyote viwili kwa sauti ya chini. “Vyote… hukazwa hivyohivyo.”

“Wenyewe hawajui pa kukata!” Metrine, muuza dagaa wa omena, akapaza sauti kutoka nyuma. “Sisi tungesema va, halafu lku, halafu ulimi ungoje daktari!”

Watu wakacheka. Ecweru hakucheka. Alikuwa ameacha shule darasa la pili, na huko walikata maneno mchana kutwa, ba-ba, ma-ma, wala hakufa mtu.

“Onyo lilikuwepo,” mkuu akasema, akiuvuta muhuri. “Bruda mwenyewe amelieleza.”

Ecweru akaweka kiganja juu ya karatasi.

“Bwana mkubwa, usigonge kwanza. Hapa Tiira anayeijua lugha ile barabara ni huyu aliyeandika, naye shimo alilijua. Sasa alikuwa anamwonya nani?”