Uzito wa Mama Vitalia

Domitila, ambaye wengi walimwita Mama Vitalia kwa jina la mtoto wake, alikuwa mwanamke mnene, na hakuwa na ugomvi na unene wake. Kwao Ukata, huko milimani, mwili kama ule ulisema wazi kwamba shamba linazaa na jikoni hakukosekani kitu. Watoto wa jirani walimwita Mama Kibonge naye akawaitikia kwa kicheko. Siku za harusi ndiye aliyeitwa kusonga ugali wa watu wengi, maana mikono yake haikuchoka upesi.

Ziwa tu ndilo lililomshinda. Alikuwa Mmatengo wa miteremkoni, aliyezaliwa na kukulia kwenye kahawa, na maji aliyoyajua utotoni yalikuwa ya kijito cha kuvuka kwa kukunja kitenge. Biashara ndiyo iliyomteremsha hadi Lituhi, ufukweni mwa ziwa Nyasa. Vijiji vya mwambao, ukishapita mdomo wa mto Ruhuhu, barabara zake zilikatika kila masika, na watu wa kule walipenda mno maharage ya Mbinga. Basi Domitila aliwapelekea maharage na ulezi, akarudi na usipa mkavu, dagaa wa ziwa lile, wa kuuza sokoni Kitai. Usafiri wenyewe ulikuwa boti ya Flaviani, nahodha Mnyasa mwenye sauti nene, mtu mwema, lakini mbishi asiyependa kuelekezwa kazi yake.

Akipanda humo, Domitila alikaa katikati kabisa, juu ya magunia yake, rozari mkononi, macho ameyafumba. Rafiki yake Ottilia, mchuuzi wa samaki aliyezaliwa palepale ufukweni, alizoea kumtania.

"Mama Vitalia, fumbua macho bwana, ziwa limetulia leo!"

"Niambie tukifika," Domitila alimjibu kila mara.

Majaketi ya kujiokolea yalikuwamo botini, ya rangi ya machungwa, yamefungwa kamba juu kwenye paa, yameota ukungu. Hakuna aliyeyavaa. Machache yaliyokuwa chini akina mama waliyakalia ili mbao zisiwaumize.

Ndipo akaja Winnie. Alikuwa binti wa Kitai, ofisa mgeni wa usalama wa vyombo vya majini, na hakuwa amemaliza hata mwezi pale Lituhi alipowaita abiria na manahodha kwenye kivuli cha ghala la samaki. Aliwaamkia wakubwa vizuri, kisha akasema lililomleta: kuanzia sasa boti haitang'oa nanga mpaka kila aliyemo awe amevaa jaketi na kulifunga.

Maneno yakawa mengi. Mmoja alisema ni joto. Mwingine alisema kuvaa kitu kile kabla ya safari ni kujiitia balaa. Flaviani alisubiri mpaka wote waliposema, akainuka.

"Mwanangu, mimi nimepigwa na mwera hapa kabla wewe hujazaliwa," alisema. Mwera ndio upepo wa kusini unaoliamsha lile ziwa likawa kama limepandwa na wazimu. "Sikatai kazi yako. Lakini hicho kigodoro kitambeba nani? Labda mtoto. Mtazame Mama Vitalia pale. Umtie majini na hicho kitu, si vitazama vyote viwili?"

Watu waliangua kicheko. Domitila naye alicheka, kwa mazoea. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu aligundua kwamba hata yeye aliamini vivyo hivyo. Miaka yote aliyopanda ile boti hakuwahi kuuliza jaketi lake liko wapi. Moyoni alikuwa ameshakubali kwamba siku chombo kikipinduka, majaketi ni ya wengine, wale wembamba, na yeye ni wa kuzama. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alikuwa amejihukumu mwenyewe, akanyamaza, akaendelea kulipa nauli.

Alisimama.

"Binti, kweli kitanibeba?"

"Shikamoo mama. Kitakubeba."

"Marahaba. Umewahi kuona kwa macho yako kikimbeba mtu wa mwili huu?"

Winnie alitazama chini kidogo, kisha akamtazama usoni. "Kwa macho yangu, hapana. Nimefundishwa, na ninaamini."

"Basi tuone," alisema Domitila. "Siku ya soko, hapo gatini, mbele ya watu wote. Nitaingia mimi."

Jioni alimpigia simu mumewe kumweleza. Clemence alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyokuwa nayo aliyatumia yote.

"Nani amekutuma, Mama Vitalia?"

"Hakuna aliyenituma."

"Mmatengo na maji wapi na wapi? Kwa nini wasimtupe huyo Flaviani?"

"Flaviani anaogelea kama samaki, Baba Vitalia. Akielea yeye, nani ataliamini jaketi? Watasema ni mikono yake."

Clemence aliguna. Mwishowe akasema, "Vaa suruali ndani ya kitenge. Na usiingie kabla sijafika."

Siku ya soko ilipofika, Clemence aliteremka kwa lori la mahindi, amevaa koti lake la kanisani. Gati lilijaa watu. Wauza usipa waliacha mikeka yao, na wanafunzi walipanda juu ya mitumbwi iliyopinduliwa ili waone vizuri. Winnie alikuwa ameleta boti ya uokoaji na waogeleaji wawili hodari, wakamsubiri Domitila majini, mmoja huku na mwingine kule.

Jaketi alilovalishwa lilitoka kwenye boti ya Flaviani, maana ndilo ambalo abiria wangelitumia. Halikutosha. Vifungo vya kifuani havikukutana. Winnie alivuta, Ottilia akasukuma, na mwisho wakaunganisha kwa kipande cha kamba. Winnie alisita, ilionekana usoni mwake kwamba alitaka kusema jambo. Lakini watu walikuwa wakipiga makofi, Domitila akafanya ishara ya msalaba, akaruka.

Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyofikiri. Alishuka, kisha akasikia jaketi likipanda bila yeye, likampita kwapani, likamziba masikio na macho. Mdomo wake ulikuwa chini ya maji. Alipofungua ili apige kelele, ziwa liliingia. Mikono ilimshika kutoka pande mbili, akainuliwa, na kilichofuata ni mbao za gati chini ya mgongo wake na yeye mwenyewe akikohoa kana kwamba mapafu yatatoka.

Pale gatini makofi yalikoma. Kisha sauti ya Flaviani ikasikika, bila kejeli yoyote, ya huzuni hasa. "Niliwaambia jamani."

Winnie alipiga magoti kando ya Domitila, machozi yanamlengalenga. "Nisamehe, mama. Nililiona halikutoshi, nami nikanyamaza. Kosa ni langu. Tuishie hapa."

Clemence alikuwa tayari amevua koti lake na kumfunika mkewe mabegani. Domitila alikohoa tena, akafuta uso, akamshika Winnie mkono.

"Niambie. Lile jaketi lilizama, au lilinivuka?"

"Lilikuvuka, mama."

"Lenyewe lilielea?"

"Lilielea. Wewe ndiye uliyebaki chini."

"Basi jaketi halina kosa. Lile ni la mtu mwingine." Alikaa vizuri, maji yakimtiririka kutoka kwenye nywele. "Niletee la kwangu."

Winnie alimtazama kana kwamba hakusikia sawasawa. Halafu akainuka, akakimbilia boti ya uokoaji, akarudi na jaketi kubwa lenye mikanda mipana, mmoja wa kupita katikati ya miguu. Safari hii hakuharakishwa na makofi ya mtu. Alifunga kifungo kimoja kimoja, akakivuta kukijaribu. Kisha akashika mabega ya jaketi, akaliinua kwa nguvu zake zote, mbele ya kila mtu.

"Mnaona?" aliwaambia watu, na sauti yake sasa ilikuwa imara. "Likipanda mpaka masikioni, halijafungwa, au si saizi yako. Hili halipandi."

Kweli halikupanda. Lilimkaa Domitila kama gauni lililoshonwa kwa kipimo.

Lakini mara ya kwanza alikuwa ameruka bila kujua. Sasa alijua ladha ya yale maji, na alisimama mbali na ukingo wa gati. Clemence alisogea karibu.

"Inatosha, Mama Vitalia. Umejaribu. Hakuna atakayekucheka."

"Haijatosha," alisema. "Nikiondoka sasa, hakuna atakayelivaa tena hapa Lituhi. Nitakuwa mimi ndiye niliyewaonyesha kwamba tunazama."

Clemence alimtazama, akachukua koti lake, akarudi nyuma hatua moja. Domitila akaruka.

Alishuka tena kwenye baridi ile ile. Kabla hajapata hata nafasi ya kuogopa, kitu kilimshika chini ya mikono na katikati ya mwili, kama mtu mwenye nguvu, kikamrudisha juu. Uso wake ulitokeza hewani. Alivuta pumzi. Alisubiri kuzama, na kuzama hakukuja. Alikuwa amelala chali juu ya ziwa Nyasa, miguu imetokeza, na mbele ya macho yake, ambayo hakukumbuka kuyafumbua, ilikuwa milima ya Livingstone imesimama upande wa kaskazini, ya buluu, mizuri ajabu.

"Limenibeba!" alipaza sauti. "Jamani, limenibeba!"

Vigelegele vililipuka. Ottilia aliruka-ruka mpaka kilemba kikamdondoka. Wale waogeleaji walimsogelea wamtoe, Domitila akawapungia mkono.

"Niacheni kidogo kwanza. Sijamaliza."

Alipotolewa, mtu wa kwanza kumpa mkono kumpandisha gatini alikuwa Flaviani.

"Mama Vitalia, nimekukosea," alisema. "Nilikufanya mzaha mbele za watu."

"Hilo limekwisha, nahodha. Lakini nikuulize: kwenye boti yako, la kwangu liko wapi?"

Flaviani alitazama boti yake, akatazama majaketi yaliyofungwa paani, yote saizi moja. "Halipo."

"La mtoto wa mgongoni je?"

"Halipo."

"Basi mimi leo sipandi."

Alisema kwa upole, hata hakuinua sauti. Ottilia, aliyekuwa ameshajitwika beseni lake la samaki tayari kupanda, aliinamisha kichwa, akalitua chini. Mama mwingine akatua gunia. Mmoja baada ya mwingine walitua mizigo gatini, hata wanaume wawili waliokuwa na haraka zao, na boti ya Flaviani haikwenda popote siku ile.

Flaviani angeweza kukasirika, na kwa siku kadhaa alikasirika kweli. Lakini hakuwa mtu mjinga. Alimfuata Winnie mwenyewe, wakakaa pamoja kwenye ubao wa boti wakipanga nini kinahitajika. Boti iliporudi kazini ilikuwa na majaketi makubwa, ya kati na ya watoto, yamewekwa chini ya kila benchi, karibu na mkono wa mtu. Ubavuni alipiga mstari mweupe. Magunia yakiushusha mstari mpaka kwenye maji, upakiaji ulikomea hapo, hata kama mzigo uliobaki ni wa shemeji yake.

Mwera uliwakuta mwezi wa saba, wakiwa wamekwisha pita mdomo wa Ruhuhu. Injini ilikohoa ikazima, na boti ikageuzwa ubavu kwenye mawimbi. Maji yaliingia. Zamani watu wangeinuka na kukimbilia upande mmoja, na hapo ndipo chombo hupinduka. Safari hii walibaki wamekaa. Domitila alisogea mpaka kwa mama kijana aliyekuwa akilia, akamwinulia mtoto jaketi kwa mabega kuona kama litapanda, akakaza mkanda mmoja.

"Halipandi," alimwambia. "Huyu yuko salama. Wewe shika hapa, utazame mbele."

Abiria walichota maji kwa ndoo na masufuria, Flaviani akahangaika na injini huku akiwapigia kelele za kuwatia moyo, mpaka boti ya wavuvi ilipokuja kuwavuta hadi ufukweni. Walishuka wote wamelowa. Hakuna hata mmoja aliyekosekana. Flaviani alisimama kwenye mchanga akiwatazama wanavyoshuka, na alipopita Domitila alimwamkia, yeye mtu mzima aliyemzidi umri: "Shikamoo, mama." Ottilia alicheka. Flaviani hakucheka.

Siku hizi ukipita Kitai siku ya gulio, utasikia wauza usipa wakimwita "mama wa jaketi", naye huitika akiwa ameinua kichwa. Winnie humwita kila akipata manahodha wapya wa kuwafundisha, na Domitila huruka tena gatini, safari hii kwa kujidai kidogo.

Clemence ndiye aliyezidi. Yule mtu wa maneno machache, akikaa na wenzake kwenye mashine ya kumenya kahawa, huanza mwenyewe bila kuulizwa. Kila akisimulia, gati huwa refu zaidi na kina cha maji huongezeka. Juzi Domitila alimkuta katikati ya hadithi, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Gati si refu hivyo, Baba Vitalia," alimsahihisha mbele ya watu. "Na hapakuwa na mawimbi."

"Haya, hapakuwa na mawimbi," Clemence alikubali. "Lakini nawaambieni, walipomtoa mara ya kwanza, anakohoa, hata kuongea hawezi, mke wangu aliomba arudi majini."

Hapo Domitila hakusahihisha kitu. Alivuta kigoda, akakaa, akasubiri mumewe aendelee.