Waitara Arobaini

Scholastica alipomwambia mumewe akae kwenye kigoda apigwe picha kwa simu ili amchore, Waitara alivaa koti lake la harusini na kofia ya pama. Alidhani atachorwa mara moja, yaishe. Hakujua kwamba mkewe, aliyekuwa akiandika mabango ya maduka ya Morotonga kwa miaka kumi, alikusudia kumchora mara arobaini.

Scholastica alichonga sura ya mumewe kwenye boksi la sabuni kwa wembe. Kiolezo hicho akakilaza juu ya karatasi, akapitisha sponji yenye rangi, akakiinua, akahamia karatasi nyingine. Alieleza kwamba kitu kikirudiwa sana, jicho huanza kuona tofauti. Waitara alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kwa nini asirudie ng'ombe.

Habari zikafika mtaani. Kila asubuhi Ouma, fundi baiskeli, alimwuliza leo ni Waitara wa ngapi, na kama yule wa jana ameamka salama.

Siku ya kwanza ya maonyesho ya picha hizo pale Mugumu, kuta tatu za ukumbi wa kanisa zilijaa yeye. Bibi Tabitha, jirani yao mkongwe, alizipita picha polepole kama anayechagua mtetea mnadani, akasema afadhali huyu wa kumi na mbili, ana huruma machoni. Waitara alisogea kumtazama huyo mwenye huruma, akamwonea wivu kidogo.

Aliendelea na wengine. Kuelekea mwisho boksi lilikuwa limelowa rangi na kingo zake zimelegea. Masharubu yalikuwa yamefutika, kidevu kimepanuka. Mbele ya picha ya thelathini na sita alisimama, akamwita mkewe.

"Mama Nice, huyu umemtoa wapi?"

"Ni wewe. Boksi lilikuwa limechoka tu."

"Huyu ni baba."

Mzee Mogesi alifariki kabla mtu yeyote pale nyumbani hajamiliki kamera, na Scholastica hakuwahi kumwona. Waitara mwenyewe alikuwa amebaki na sauti yake tu; sura ilishampotea. Akamwita Bibi Tabitha, aliyekua pamoja na Mogesi kule Nyansurura. Bibi akainama, akatazama.

"Ndiye," akasema. "Ila Mogesi asingevaa kofia mbaya hivyo."

Waitara aliibandua picha palepale. Scholastica akalalamika kwamba kazi yake ni arobaini, siyo thelathini na tisa, naye akamjibu atoe nyingine. Alijaribu asubuhi tatu mfululizo kwa boksi lilelile; kila alipoinua, alitokea mumewe. Mwishowe akaliacha pengo ukutani, na wageni wengi walisimama hapo kuliko penginepo.

Picha ikatundikwa sebuleni, juu ya redio. Waitara akawa anaiamkia kila anapotoka. Aliyepata shida ni Scholastica: hawezi tena kunyoosha miguu kwenye kochi lake mwenyewe, baba mkwe anamtazama.